Unga wa Kumi, Ng'ombe Ishirini

2 Juni

Daftari jipya. Miaka yangu yote ya lori nilijaza kitabu cha safari: nimetoka wapi, nimefika wapi, tairi gani imepasuka. Mgongo umestaafu lakini mkono haujakubali. Basi nitaandika safari za ng'ombe, wanaotoka zizini kwenda bondeni na kurudi zizini. Angalau hawa hawapasuki tairi.

Ng'ombe ni wa dada yangu. Ishirini, wote wa maziwa, kila mmoja na jina lake na tabia zake. Mimi ni mdogo wake: nalala chumba cha nyuma, natengeneza pampu, nakamua zamu ya jioni, na kitu kikipotea naulizwa mimi kwanza. Zamu ya asubuhi ni ya dada. Mimi na alfajiri tulishaachana, kila mtu kachukua chake.

Leo amekuja mtafiti, binti wa miaka thelathini hivi, na begi kubwa kuliko yeye. Atakaa nasi kiangazi chote. Kiwanda kinachochukua maziwa yetu kimesema kabla ya msimu ujao kila mfugaji awe amepunguza gesi inayotoka kwa ng'ombe wake, la sivyo apunguze ng'ombe wenyewe. Kwetu hiyo "la sivyo" ni ng'ombe kumi. Binti ana unga uliosagwa kwa majani ya miti ya malisho, maganda na mbegu, na anasema ng'ombe akiula gesi inapungua. Ukifanya kazi hapa kwetu, wote ishirini wanabaki. Ukishindwa, kumi wanaondoka.

"Hiyo gesi inatokea wapi?" nikamuuliza, macho yangu yakiwa upande wa mkia.

"Mdomoni, mzee. Ng'ombe akicheua anabeua, na kwenye kubeua ndimo inamotoka. Huko nyuma ni kidogo tu."

Dada alicheka mpaka akashika nguzo. "Kumbe mdogo wangu miaka yote anajikinga upande usiohusika!"

5 Juni

Mashine imefika. Ni sanduku refu lenye shimo la kuingiza kichwa. Ndani kuna punje chache za chakula za kumvutia ng'ombe, na wakati anatafuna, mashine inavuta pumzi yake na kuipima. Nimeisimamisha mimi, na nimeipigia levo, maana binti alikuwa ameiweka kama meza ya mlevi.

Karani ndiye aliyeingia wa kwanza. Tulimpa jina hilo kwa sababu hapiti mahali bila kuchungulia. Kutoka kukawa shida. Amenuswa mara nne leo.

9 Juni

Nyasi za bondeni zimeanza kugeuka rangi. Hakuna jipya.

20 Juni

Siku zote hizi zilikuwa za kupima bila unga, ili ijulikane tulikoanzia. Leo ndiyo unga umeanza.

Ng'ombe kumi wamevalishwa hereni nyekundu na kumi nyeupe. Jioni wakirudi malishoni nawafunga horini, wekundu upande huu, weupe upande ule, njia katikati. Wote wanapata pumba. Kwenye pumba za wekundu nachanganya vijiko viwili vikubwa vya unga kwa kila mmoja. Weupe hawapati unga. Unga una harufu tamu, hata mimi nilitamani kuonja. Nimeonja. Ni mchungu kama shubiri.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake ya buluu, ile yenye mfuko mkubwa mbele.

"Na wale?" akauliza.

"Wale hawapewi, mama," binti akasema. "Wote wakipewa, nitajuaje kilichopunguza ni unga na si kitu kingine? Lazima wawepo wasiopewa, niwalinganishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa Agosti."

Dada akageukia weupe. Weupe walikuwa wamenyoosha shingo juu ya pumba zao, wananusa upande wa wenzao. Karani, ambaye kapata hereni nyeupe, akalia.

22 Juni

Weupe wanalia kila jioni. Nimemwambia dada watazoea. Kanitazama jicho ambalo sijalipenda.

Nyumbani kwa dada hakuna anayekula mwingine akitazama. Fundi akija kuezeka bati anakaa mezani. Mtu akija kuuliza njia anaelekezwa akiwa ameshika kikombe. Hilo lina asili yake, na mimi naijua, lakini ng'ombe si wageni.

28 Juni

Dalali wa mifugo kapita. Kasimama uani kama aliyeitwa.

"Nimesikia kuna kumi watatoka," akasema.

"Umesikia vibaya," dada akamjibu.

"Masikio yangu hayajawahi kuniangusha." Akawapitia mmoja mmoja, akigusa nyonga kwa fimbo. Watu wa aina hii hununua kwa macho kwanza.

6 Julai

Vumbi. Mkanda wa pampu unapiga kelele.

14 Julai

Binti alikuja kifungua kinywa anachekacheka peke yake. Wekundu wameshuka. Karibu robo ya gesi yote imekatika. Dada akamwongezea chai, mimi nikajipongeza kwa ile levo.

Mchana binti akarudi hana kicheko. Weupe nao wameshuka, na wameshuka karibu sawa na wenzao.

"Si ndiyo vizuri?" nikamuuliza. "Wote wameshuka."

"Si vizuri, mzee. Kama wasiokula unga wameshuka kama waliokula, basi unga haujafanya kitu. Kuna kingine."

Kashinda anafungua vichujio vya mashine na kuvisafisha. Nimemshikia bisibisi. 

19 Julai

Mfuko wa unga uliotakiwa kufika mwisho wa mwezi umekwisha leo. Mimi ndiye ninayepima, na mkono wangu haujaanza kutetemeka. Binti kaagiza mwingine, akasema labda panya.

"Panya wa siku hizi wanatembea na mikoba," dada akasema, tukacheka.

Stoo ina funguo mbili tu: yangu na ya dada. Lakini asubuhi mlango huwa wazi wakati kijana wa maziwa anapakia madebe kwenye gari lake. Nafuatilia.

23 Julai

Nimefanya ujinga na nauandika hapa nikiwa bado naona aibu.

Nilidamka, jambo la nadra, nikafika uani gari la maziwa linataka kuondoka. Kijana wa maziwa tunamwita Shavu, maana hana muda asiotafuna kitu. Nikamsimamisha, nikamwambia afungue mlango wa nyuma.

"Kuna nini, mzee?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Kuna unga unaondoka stoo, na miguu haujaota."

Akafungua. Madebe, kamba, kandambili moja, maganda ya karanga. Unga hakuna.

"Huo unga niufanyie nini?" akauliza. "Nikampunguzie gesi mke wangu?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Alijua nimekosea, na sasa nikikumbuka uso wake, ulikuwa umesawijika kuliko wa Shavu. Kisha akarudi zizini na ndoo yake.

24 Julai

Nimemwomba Shavu radhi mbele ya watu, maana nilimtuhumu mbele ya watu. Kasema yamekwisha. Madebe yetu kayapakia ya mwisho.

2 Agosti

Jua kali. Bonde limekuwa rangi ya gunia. Maziwa yamepungua.

Binti kaongea kwa simu na profesa wake karibu saa nzima, anazunguka uani kama ndama aliyefungwa kambani. Baadaye akaja kukaa na sisi barazani, akatueleza. Profesa anasema ni kiangazi tu. Nyasi zimekauka, ng'ombe wanakula kidogo, kwa hiyo gesi imepungua kwa wote, wekundu na weupe. Unga haumo. Wafunge kazi Ijumaa ya wiki ijayo, mashine ikatumike kwingine.

"Na kiwanda?" dada akauliza.

"Nitawaandikia kilichoonekana, mama. Kwamba unga haukusaidia."

"Kwa hiyo kumi."

"Kwa hiyo kumi. Nisamehe."

Binti alikuwa analia bila sauti. Miaka yake minne imo katika unga huo. Nilikuwa namwona binti huyu kama mgeni wa mashine, na leo nimemhurumia kama mtoto wa ndugu yangu.

5 Agosti

Dalali tena. Safari hii kaja na mwenzake. Wamegusa nyonga zote ishirini. Kabla ya kuondoka akamuuliza dada kama ameshachagua.

"Wewe una watoto wangapi?" dada akamuuliza.

"Sita."

"Rudi nyumbani uchague watatu, halafu njoo unifundishe."

8 Agosti

Mkanda wa pampu umekatika. Kesho naenda mjini alfajiri. Mungu anisaidie kuamka.

9 Agosti

Nimeamka. Na nimeona.

Nilitoka chumbani bado kiza kinachanganyika na mwanga. Nikapitia zizini kuchukua kipande cha mkanda uliokatika, nipeleke dukani kama mfano. Taa ya zizini ilikuwa inawaka. Dada alikuwa upande wa weupe, amenipa mgongo. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, anatoa kijiko kilichojaa, anamwaga kwenye kiganja, anamlisha ng'ombe. Cha pili. Kisha anasogea kwa anayefuata.

"Na wewe," anamwambia. "Haya, na wewe. Wewe mwizi, umeshapata, mwachie mwenzio. Na wewe."

Harufu ya unga ilinifikia mlangoni. Karani alikuwa anamlamba kiwiko.

Lazima niandike asili ya jambo hili, maana bila hiyo dada ataonekana mwehu, na dada si mwehu.

Mama yetu alifariki mimi nikiwa sijaanza shule, naye dada alikuwa na miaka kumi. Mama wa kambo alipokuja alikuja na wanawe. Hakutupiga wala hakututukana. Alikuwa anapakua tu. Wanawe walipata nyama, sisi tukapata mchuzi, kwenye meza moja, sahani zinatazamana. Baba alikuwa mtu wa safari, na siku akiwepo sahani zote zilifanana. Dada alikuwa anatumwa jikoni kurudisha sufuria, na huko alijifunza kuficha kipande kiganjani. Ananikuta nyuma ya nyumba, anakigawa kwa meno, ananipa kikubwa. "Na wewe," ananiambia. Ndiyo neno aliloniambia siku zote hizo, mpaka alipopata kazi ya kukamua na kunichukua nikaishi naye.

Nilisimama pale mlangoni, mwanaume mzima wa miaka hamsini na minane.

"Dada."

Hakushtuka. Alimalizia kijiko cha mwisho kwanza.

"Umeamka mapema," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Vijiko viwili kila mmoja, kama unavyowapa wale jioni. Sijazidisha, sijapunguza."

"Dada, kumi walitakiwa wasipewe! Ndiyo maana ya kazi yote."

"Nilisikia. Nikasikia pia kwamba hiki ndicho kitakachowaokoa wasiondoke. Kumi wapewe dawa ya kubaki, kumi wanyimwe, wanatazamana mchana kweupe? Nani aliyewachagua? Si binti alifumba macho akavuta hereni kwenye ndoo!"

"Na Shavu? Uliniacha nikamtukana."

Hapo akainamisha kichwa. "Hilo limeniuma," akasema. "Nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito."

Nikamweleza. Nilimweleza pole pole, kama ninavyojua. Weupe wameshuka kwa sababu wamekula unga. Profesa anadhani ni kiangazi. Kwa hiyo unga unaonekana bure, na kwa sababu unaonekana bure, kumi watauzwa. Amewalisha ili wabaki, na kulishwa huko ndiko kunakowaondoa.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.  Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimewauza mimi."

"Bado. Mwambie binti."

"Atanionaje?"

"Mficha uchi hazai, dada."

Akachukua madebe yake, akaenda kukamua. Mjini sikwenda.

10 Agosti

Hajasema. Leo alfajiri niliamka tena kuhakikisha. Hakuwalisha, lakini pia hakuwatazama.

Mezani kanipakulia. Sahani zetu zililingana hata idadi ya viazi.

11 Agosti

Hajasema. Nami sijasema. Mara tatu nimefungua mdomo mbele ya binti na mara tatu nimeuliza habari za mkanda wa pampu. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Sawa, lakini Ijumaa ni kesho.

Nimeamua: asiposema kabla mashine haijapakiwa, nasema mimi, na anichukie.

12 Agosti

Gari la kuchukua mashine lilifika kabla ya chai. Na dalali naye yupo, kaegemea uzio na mwenzake, fimbo kwapani. Binti alikuwa amepiga magoti anafungua nati ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapiga hatua kumwendea.

Dada akatoka jikoni. Alikuwa amevua aproni ameishika mkononi.

"Binti, acha hiyo nati."

"Mama?"

"Njoo unuse hapa." Akageuza mfuko wa aproni nje. Vumbi la kijani lilikuwa limekaa kwenye pindo. "Weupe wako wamekula unga. Kila asubuhi, vijiko viwili, mkononi mwangu. Si panya, si Shavu, si kiangazi. Ni mimi."

Binti alinyanyuka taratibu. Sikujua mtu anaweza kupauka hivyo chini ya jua lile.

"Mama," akasema, "umeniua."

"Najua."

"Miezi miwili! Kila siku nasafisha mashine. Profesa kaniambia nimepima upepo. Nimelala nalia kwenye chumba kile, mama, na wewe unaniletea chai!"

"Najua, mwanangu. Chai niliileta kwa sababu nilikuwa najua."

Binti akaenda nyuma ya zizi. Hakuna aliyemfuata. Dereva wa gari akaniuliza apakie au asipakie, nikamwambia avute subira, nikampa kiti. Dalali akasema kama kuna ugomvi wa kifamilia yeye anaweza kurudi kesho. Nikamwambia arudi mwakani.

Binti aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kufanya kazi.

"Vijiko viwili? Sawasawa? Kila siku?"

"Mimi sijui kupunja."

"Hukuruka hata siku moja?"

"Juzi na jana na leo tu. Tangu mdogo wangu alipoeleza nilichofanya."

Midomo ya binti ilikuwa inahesabu. "Basi unga unafanya kazi," akasema. "Unafanya kazi kwa wote ishirini. Lakini hakuna atakayeniamini kwa maneno. Kuna njia moja. Weupe waache kabisa, wekundu waendelee. Kama ni kiangazi, weupe watabaki chini. Kama ni unga, watapanda tena. Nahitaji wiki tatu, na mvua isinyeshe. Mvua ikileta majani mabichi, kila kitu kinachafuka upya."

Akampigia profesa simu palepale mbele yetu. Hakuficha kitu. Tulisikia sauti ya profesa kutoka mbali ikipanda, ikipanda zaidi, halafu ikanyamaza. Akampa wiki tatu.

"Nitawapa pumba weupe mimi mwenyewe," nikasema, "dada akae ndani, asione."

"Hapana," dada akasema. "Mimi ndiye niliyewapa, mimi ndiye nitakayewanyima. Na nitasimama mpaka wamalize."

13 Agosti

Dada ameshona mfuko wa aproni. Uzi mweusi, mishono ya karibu karibu. Jioni Karani kaulamba mfuko uliofungwa mpaka ukalowa.

Asubuhi alimngoja Shavu langoni. Sijui alimwambia nini, lakini Shavu aliondoka na mkate mzima na leo madebe yetu kayapakia ya kwanza.

15 Agosti

Weupe wanalia. Dada amesimama.

16 Agosti

Vilevile.

19 Agosti

Leo wakati wa kulisha dada alimwaga pumba nje ya hori mara mbili. Nikamwambia nenda, nitamalizia. Akasema, "Mama wa kambo alikuwa anakaa pale pale anatutazama tukila mchuzi. Siku zote nilijiuliza anajisikiaje. Sasa najua hakuwa anajisikia kitu, maana mimi siwezi kupumua."

Nilimshika bega. Sisi si watu wa kushikana mabega. Tulikaa hivyo mpaka Mzigo, ng'ombe wa mwisho kwenye mstari, akamaliza pumba zake.

22 Agosti

Binti hasemi namba. Kasema safari hii hasemi mpaka mwisho. Lakini tangu juzi anakula.

26 Agosti

Mawingu upande wa milima. Duka zima la vifaa watu wanashukuru Mungu kwamba mvua inakuja mapema. Nikaitikia amina kwa mdomo. Tangu nizaliwe sijawahi kuombea kiangazi, na leo nimekiombea njia nzima ya kurudi. Naomba jirani zangu wasisome daftari hili.

29 Agosti

Mawingu yamesogea. Dada anaanika nguo na kuanua, anaanika na kuanua.

31 Agosti

Dalali kapita barabarani bila kuingia. Kapunga fimbo tu.

1 Septemba

Mvua. Imeanza mchana, kubwa, imepiga bati mpaka hatukusikiana. Wiki tatu zilikuwa zitimie kesho. Nilikimbia na turubai langu la zamani la lori kuifunika mashine, nikateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye matope mbele ya wekundu na weupe. Binti akashika upande wa pili wa turubai. Alikuwa anacheka.

"Inatosha, mzee!" akapiga kelele. "Namba za jana zinatosha!"

4 Septemba

Binti ameondoka na namba zake. Kabla ya kupanda gari alimkumbatia dada kwa muda mrefu. Alisema bado ana hasira kidogo. Dada akamwambia hasira kidogo ni haki yake, akamfungia na mkate wa njiani.

Uani kumebaki alama nne za miguu ya mashine.

9 Septemba

Nyasi changa bondeni. Kusubiri ni kazi isiyo na zamu.

15 Septemba

Binti amerudi, safari hii na begi dogo na mtu wa kiwanda. Tulikaa barazani. Dada hakukaa, alisimama nyuma ya kiti changu kakishika mgongo.

Weupe walipoachishwa unga, pumzi zao zilipanda, wiki baada ya wiki, mpaka karibu na pale tulipoanzia Juni. Wekundu walibaki chini. Nyasi zilikuwa zilezile kavu kwa wote. Profesa amesema ushahidi wa namna hii, wa kushusha na kupandisha, hakuutegemea kwenye kazi hii. Lakini yaliyotokea yote yataandikwa kama yalivyotokea, na kazi itarudiwa kwa wafugaji wengine pia kabla mtu hajajisifu. Mtu wa kiwanda akasema kwa sasa inawatosha. Tukiendelea na unga, ishirini wabaki ishirini, nao watakuja kupima tena kila msimu.

Dada akaanza kuwataja ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja. Alipofika kwa Mzigo ndipo akakiachia kiti changu.

"Wameniandika na mimi?" dada akamuuliza binti baadaye.

"Wameandika 'mfugaji,' mama. Kwamba mfugaji alilisha kundi la pili bila watafiti kujua."

"Ni kweli, waandike." Akafikiri. "Na waandike kwamba baadaye mfugaji aliwanyima. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi."

Jioni nilikuta ameketi kizingitini na mkasi, anafumua ule uzi mweusi. Kisha akaingia zizini na vijiko vyangu, akasema leo zamu ya jioni ni yake. Nilikaa juu ya ndoo nikamwangalia. Alianza na Karani. Akavuka kwa wekundu, akarudi kwa weupe, mmoja huku, mmoja kule, asimpendelee mtu. "Na wewe," anasema. "Na wewe. Haya, na wewe." Hakuna aliyelia. Kulikuwa na sauti ya kutafuna tu, na mvua nyepesi juu ya bati.

Alipomaliza wote ishirini akapangusa mikono kwenye aproni, akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili. Akanipa kimoja.

"Na wewe," akasema.